Somo: Jinsi ya kuwasaidia watoto wa shule ya msingi kutengeneza dokumentari fupi ya mtaani kwao kwa simu moja

Habari zenu wakuu, hili somo niliahidi tangu mwezi wa sita nikabanwa na mitihani, leo nimepata upenyo basi tuanze. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, upande wa juu barabara ya kwenda Kibosho, na kwa miaka mitatu sasa na klabu yetu ya darasa la tano na la sita tunatengeneza dokumentari fupi za watu wa hapa hapa tunapoishi, kwa simu yangu hii hii ambayo kioo kimepasuka kona. Sio mtaalam wa video, mafundi wa maharusi msije kunicheka.

Kwanza nikiri kitu. Mwaka wa kwanza niliharibu kabisa. Niliandika maneno yote mwenyewe nikawakaririsha, matokeo yake mtoto kasimama mbele ya soko mikono nyuma anasema "ndugu mtazamaji, soko letu lina umuhimu mkubwa katika jamii", yani ngonjera ya mgeni rasmi tupu. Wazazi walipiga makofi ila hamna hata mmoja aliyetoka pale anajua kitu kipya kuhusu lile soko. Toka siku hiyo nikajiwekea sheria, mwalimu anashika nauli na ruhusa, maswali ni ya watoto.

HATUA YA 1: Ruhusa

Fupi tu. Mwalimu mkuu ajue, mwenyekiti wa mtaa ajue, na kila mzazi asaini karatasi inayosema mtoto atarekodiwa na video itaonyeshwa wapi. Usiandike "itatumika popote". Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na picha ya mtoto ni taarifa yake, ila hata sheria isingekuwepo ni adabu tu.

HATUA YA 2: Kuchagua cha kurekodi

Ukiwauliza watoto wa Moshi turekodi nini darasa zima litapiga kelele MLIMA KILIMANJARO. Waache wamalize alafu waulize nani kati yenu ameshafika juu. Kimya. Mlima una mita 5,895 na umeshapigwa picha na kila mgeni aliyeshuka KIA, uwanja wetu wa ndege, sisi tutaongeza nini? Lakini yule mama anayeuza ndizi Mbuyuni anayejua kwa kugusa tu hii ya mtori hii ya mbege (pombe yetu ya ndizi) hii ya kuchoma, huyo nani amemrekodi?

Kanuni yangu ni mtu mmoja, kazi moja, na iwe kazi ambayo mikono inaonekana ikifanya. "Utamaduni wa Wachaga" sio mada ya dakika nne, hiyo ni shahada. Fundi viatu, bibi anayetengeneza mbege kuanzia ndizi mpaka ulezi, kijana wa mitumba Kiboroloni anavyofungua belo, hizo ndio mada. Sisi mwaka jana tulichukua mzee mmoja anayesimamia mfongo. Kwa wasio wa huku, mfongo ni mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto kule juu mlimani na kuyaleta kwenye vihamba (mashamba ya migomba ya nyumbani), wazee walishaichimba mifongo hii kabla Mjerumani hajafika, na maji yanagawiwa kwa zamu. Huo wa mzee wetu unapita nyuma ya choo cha shule yetu na watoto wamekua wakiuruka kila siku bila kujua una mwenyewe.

HATUA YA 3: Nendeni bila simu

Hii watu wengi wanairuka. Safari ya kwanza simu inabaki mfukoni kwangu. Watoto wanaenda, wanaamkia, wanakaa, wanaangalia. Mzee wetu siku hiyo aliwapa panga wamsaidie kukata majani yaliyoziba mfereji, wakarudi wamelowa mpaka magotini na mzazi mmoja akanipigia simu kulalamika, lakini safari ya pili wakawa wajukuu sio wageni.

HATUA YA 4: Maswali (hapa ndio penyewe, msisome haraka)

Kila mtoto aandike maswali matano. Utaona mengi ni "je, unaipenda kazi yako?" Jibu lake ni ndio, mmeishia hapo, mrudi nyumbani. Tunafanya mchezo, mtoto mmoja anakua mzee mwingine anauliza, swali lolote linalojibika kwa ndio au hapana linapigwa mstari. Yanabaki kama haya: ukiamka unaanza na nini? mara ya mwisho maji yalikatika ilikuaje? nani alikufundisha na alikua mkali? hiki kinaitwaje?

Alafu kuna kuhesabu vidole. Mzee akimaliza kujibu, muulizaji anahesabu vidole vitano kimya kimya mgongoni kabla ya swali linalofuata. Binti wetu aliuliza "watu huwa wanagombana kwa ajili ya maji?" mzee akasema "aah hapana, tunaishi vizuri tu." Mi nilishataka kudakia. Yule binti akahesabu, moja, mbili, tatu, na mzee akakohoa akasema "ila kuna mwaka nililala hapa mferejini na tochi wiki nzima, kuna jirani alikua anafungua usiku zamu isiyo yake." Akaeleza mpaka walivyokuja kupatana, na majani ya isale, ambayo kwa Wachaga ni alama ya kuomba msamaha, yaliletwa. Dakika nne nzima za filamu zimetoka kwenye vile vidole vitatu.

HATUA YA 5: Kurekodi

Gawa kazi: muulizaji, mshika simu, msikilizaji mwenye iafoni (zile za masikioni), mwandishi wa kuandika nani kasema nini dakika ya ngapi, na mtunza muda. Watano wanatosha. Klabu yangu ina watoto 24 kwa hiyo tunapiga kura kwa vikaratasi, nikichagua mwenyewe lawama zinafika mpaka kanisani.

Simu ilale, isisimame. Viwiko vibane mbavuni. Jua liwe nyuma ya mshika simu, sio nyuma ya mzee, la sivyo mnapata kivuli kinachoongea. Kila picha ikae sekunde kumi bila kutembeza simu, watoto wanapenda kuzungusha kama wanamwagilia bustani. Picha za lazima ni tano: mahali kwa mbali, mtu mzima mzima, uso, mikono, na kile anachokitazama. Mkiwa na mikono ya kutosha kuediti ni mteremko.

Sauti sasa. Aisee sauti ndio imetutoa machozi kuliko kitu chochote. Mtazamaji anavumilia picha ya giza, sauti mbovu havumilii. Siku ya kwanza tulirekodi dakika ishirini na mashine ya kusaga iko nyumba ya tatu, kwa masikio hatukuisikia kabisa maana tumeizoea, kwenye simu ikawa ndio inahojiwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza wote mnafumba macho nusu dakika mnataja mnachosikia, kuku, bodaboda, redio ya jirani, alafu mnahama au mnaomba wazime. Maiki ya iafoni ibanwe kwenye kola ya anayehojiwa na ivalishwe kipande cha soksi safi kuzuia upepo (safi jamani, mzee mmoja aliuliza hii harufu ni ya nini). Masika msijaribu kurekodi chini ya bati. Na weka simu kwenye hali ya ndege, mi mke wangu alipiga katikati ya hadithi nzuri kuliko zote kuuliza nirudi na mafuta ya taa au mkaa.

Nafasi pia. Kwenye simu yangu dakika moja ya video safi inakula kama MB 130, tulirudi na dakika 42, hesabu mwenyewe. Nunua memori kadi na usifute chochote mpaka umehamishia kwenye kompyuta.

HATUA YA 6: Kuediti

Msianze na simu, anzeni na karatasi. Kila klipu nzuri inaandikwa kwenye kikaratasi, "mzee anacheka", "maji yanaingia kwa mama Doto", vinatandazwa sakafuni watoto wanavipanga na kubishana. Wakibishana nyamaza. Wakishakubaliana ndio mnafungua CapCut au InShot mnafuata mpangilio. Sisi kutoka dakika 42 tulibaki na nne na sekunde kadhaa, na kuna mtoto alilia kwa sababu klipu yake ya bata ilikatwa.

Muziki msiweke Bongo Flava, kwanza ni mali ya mtu, pili inafunika sauti ya mzee. Sisi tuliweka sauti ya maji yenyewe.

Mhojiwa akikosea tarehe je? Mzee wetu alisema KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huku kwetu, ilianza baada ya uhuru, wakati chama kile kimesajiliwa 1933. Hatukumkata, maana alichokua anaeleza ni jinsi baba yake alivyokua anapeleka kahawa na hiyo anaijua vizuri. Tukaweka maandishi madogo chini yenye mwaka sahihi, mtoto ndiye aliyeutafuta.

HATUA YA 7: Kuonyesha

Wa kwanza kuona ni aliyerekodiwa, kabla ya mwalimu mkuu, kabla ya wazazi. Akisema hapa toeni, mnatoa. Baada ya hapo kikao cha wazazi, projekta ya kuazima, shuka jeupe, na jenereta ya mtu iwe karibu maana mnaijua nchi yetu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili: Asante mwalimu. Shule ya wanangu mkuu anasema haya mambo yanapoteza muda wa masomo, nimwambieje?

Jibu: Mama, usimwambie filamu, mwambie Kiswahili na maarifa ya jamii. Kuandika maswali ni kuandika, kupanga vikaratasi ni insha. Na msiguse darasa la nne na la saba, wale wana mitihani ya taifa, hapo hata mi ningekataa. Sisi tunatumia Ijumaa baada ya vipindi.

Kijana wa Njiro: Sisi Arusha hatuna mifongo bana, turekodi nini? Madogo wanataka Mnara wa Saa.

Jibu: Mnara hauongei mkuu. Ila hapo mjini kuna makumbusho ya Azimio la Arusha, waanzie hapo alafu kila mtoto aende kwa bibi au babu yake aulize mwaka 1967 ulikua wapi na ulisikiaje habari za Azimio. Mwingine atasema alikua anachunga mbuzi hakusikia chochote, hiyo nayo ni filamu.

Mpita Njia: Mzee akiomba hela ya soda mnampa?

Jibu: Hatulipi maneno, ila hatuendi mikono mitupu. Kilo ya sukari na majani ya chai, tunampa mwishoni.

Mwl wa Pasua: Hapo kwenye sukari nakupinga kidogo mwenzangu. Ukishapeleka sukari kwa mmoja mwaka ujao mtaa mzima unasubiri sukari, shule zenye uwezo zitapata wazee wote. Sisi watoto wanafanya kazi, wanachota maji au kufagia uwanja, inatosha.

Jibu: Hoja yako ina uzito, hasa hilo la shule zenye uwezo. Sisi walikata majani bado nikapeleka na sukari, labda ni woga wangu tu wa kukaa kwa mtu bila kitu mkononi, nimelelewa hivyo.

Dada Rombo: Bibi zetu Kiswahili wanasema kidogo. Tumlazimishe?

Jibu: Usimlazimishe, kwa Kiswahili cha kulazimishwa atakupa salamu tu. Aongee Kichaga chake, alafu mjukuu wake atafsiri na mweke maandishi chini. Lakini angalia mjukuu awe wa kule kule, sisi tulimpa mtoto wa Rombo atafsiri bibi wa Kibosho akatoka kapa, wote wanasema ni Kichaga.

Fundi Simu: Kwanini msiweke YouTube muingize hela?

Jibu: Karatasi tulizowasainisha wazazi zinasema itaonyeshwa shuleni na kwa mzee. Tukitaka zaidi tunaanza upya kuomba. Na yule jirani wa kufungua maji usiku yupo hai, jina hatukulitaja ila kwetu wanamjua, mtaani tumeshamaliza, kwenye intaneti huwezi kumaliza.

Baba Junia: Watoto wenye aibu unafanyaje, wangu hata kuamkia wageni anajificha.

Jibu: Mpe iafoni. Watoto wenye aibu ndio wasikilizaji bora, wangu mmoja ndiye alikua anasimamisha kila mtu "subiri pikipiki ipite." Sasa hivi anaamrisha mpaka walimu.

Mama Wawili: Nimesahau kuuliza, huyo mzee alisemaje alivyojiona?

Jibu: Aliomba turudishe nyuma mara tatu sehemu ya mikono yake. Alafu akasema mmekosea. Mwishoni msomaji wetu, yule mtoto anayesoma maelezo kwenye filamu, anasema maji yanalala kwenye "bwawa la samaki", mzee akauliza samaki gani, hiyo ni nduwa, inakusanya maji usiku ili asubuhi yashuke na nguvu. Na kweli binti alimuuliza "hiki kinaitwaje" na alimjibu, mwandishi wetu ndiye aliyeandika vibaya na mi sikukagua. Tunatakiwa kurekodi upya hiyo sentensi moja, ila msomaji amehamia Same na wazazi wake, tunamsubiri likizo ya Desemba.