Ukikosa jina la babu kwenye J, tafuta kwenye D

Kwa wanaofuatilia ukoo kupitia vitabu vya ubatizo vya misheni au majalada ya Tanganyika ya kabla ya 1918, enzi za Wajerumani: kabla hujafungua kitabu, andika jina kwenye karatasi jinsi sikio la Mjerumani lingeliandika. Nimehangaika na faharasa siku mbili nikimtafuta Juma kwenye J, kumbe yuko kwenye D: Dschuma.

J yetu waliiandika dsch au dj, sh ikawa sch, ch ikawa tsch, z mara nyingi ikawa s, na v ikawa w. Ndiyo maana Moshi ni Moschi, Mzaramo ni Msaramo, Vuga ni Wuga, na Wachagga ni Wadschagga (hapa ch waliisikia kama j). Fanya hivyo hivyo kwa jina la kijiji, maana mara nyingi kijiji ndicho kinachokuhakikishia kuwa huyu ni babu yako na si Juma mwingine.

Haisaidii kama babu alipewa jina jipya siku ya ubatizo na lile la nyumbani halikuandikwa; hapo mfuate kwa jina la baba yake au la msimamizi wake wa ubatizo. Vitabu vya Kikatoliki navyo viliandikwa Kilatini, kwa hiyo Yosefu atakuwa Josephus. Tena waulize wazee jina la utotoni mapema, wangali hai. Hilo halimo kitabuni.