Somo: amri za SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata (database), kwa wanaoanza (someni kabla ya kunitumia meseji)

Kila nikitoka msikitini baada ya Isha nakuta meseji ile ile: "Maalim, data naitoaje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Mfano wetu ni jedwali la tiketi za boti za huku Lamu, liitwalo safari, lenye safu za id (namba ya mstari), chombo, kwenda na nauli. Bei ni za kubuni, msije mkanigombeza. Natumia SQLite, programu ya hifadhidata, kwa kuwa haitaki seva. Data yote ni faili moja.

1. Kusoma: SELECT chombo, nauli FROM safari;

2. Kuchuja (* ni safu zote): SELECT * FROM safari WHERE kwenda = 'Faza';

3. Kupanga, ghali juu: SELECT * FROM safari ORDER BY nauli DESC;

4. Kuingiza: INSERT INTO safari (chombo, kwenda, nauli) VALUES ('Boti 3', 'Mokowe', 150);

5. Kubadili: UPDATE safari SET nauli = 500 WHERE kwenda = 'Faza';

Hapa tulieni. Nilipokuwa nikifanyia kazi ofisi moja ya tiketi, niliambiwa nauli ya Faza imepanda. Nikaandika mpaka 500, nikatia nukta-mkato (;), nikabonyeza Enter. WHERE nimeisahau. Mokowe, Shela, Kizingitini, zote zikawa 500, na kompyuta haikusema lolote. Nilijua asubuhi, mama mmoja wa Shela aliposimama dirishani akauliza kama boti yetu siku hizi inapitia Mombasa. Nakala ya akiba hakuna. Nililikalia daftari la karani mpaka Alasiri, nikirudisha bei mstari kwa mstari.

Kwa hivyo: tangulizeni SELECT yenye WHERE ile ile, mwone ni mistari ipi itakayoguswa. Kisha BEGIN, ili mabadiliko yasikazwe kwanza, ndipo UPDATE. Tazameni tena. Ikiwa sawa, COMMIT, yakazwe. Ikiwa imeharibika, ROLLBACK. Na bei zinarudi zilivyokuwa. Baada ya COMMIT, ROLLBACK haina la kukufanyia.

6. Kufuta: DELETE FROM safari WHERE id = 7; Onyo ni lile lile. Bila WHERE inafagia jedwali zima.

MASWALI

— Nimefuata kila kitu, inaniletea ...> tu.

Umesahau nukta-mkato. Iko kwenye kila mfano hapo juu.

— Maalim, nimefuta wateja wote! Nifanyeje?

Ulianza na BEGIN?

— Nilisoma mpaka namba 4.

Basi katafute daftari.

— Mbona 'Mokowe' inakubali na 'Ng'ambo' inakataa?

Swali zuri hili, na sisi Waswahili litatukuta sana. Ile alama ya ng' ndiyo SQL inayofungia maneno, kwa hivyo inaona neno limeishia Ng, yanayofuata haiyaelewi. Iandike mara mbili: 'Ng''ambo'. Itahifadhiwa moja. Lakini ukiwa ndani ya programu, usiunganishe maneno ya mteja na amri kwa mkono. Weka alama ya kuuliza mahali pake: VALUES (?, ?, ?), kisha thamani zipeleke kando. Ukiunganisha, mjanja ataandika amri yake kwenye kisanduku cha jina, na hifadhidata yako itaitii.

— Na sisi tusio na kompyuta?

Simu ya Android inatosha. Weka Termux, programu ya kuandikia amri, andika pkg install sqlite, halafu sqlite3 boti.db. Mimi mwenyewe nilijifunzia hivyo, kwenye boti ya Mokowe, simu nimeifunika kwa mfuko wa plastiki.