Bango la yadi ya magari Tanga limezidi kipimo? Ombi lake linaandikwa hivi

Kama una yadi ya magari Tanga mjini, au ndo unataka kufungua, kuna siku utataka bango kubwa kuliko linaloruhusiwa na jiji, na hapo ndo watu wanapoanza kuhangaika. Wengi wanamwita fundi welda, bango linasimamishwa wikiendi ofisi zimefungwa, Jumatatu linang'aa, siku mbili tatu mbele limepigwa X nyekundu na mwenye yadi anaanza kutafuta namba ya diwani. Wakati njia ya kuomba ipo na wala sio ngumu kihivyo, shida ni kwamba barua nyingi zinaandikwa kwa kulialia. Biashara ngumu, wateja hawanioni, mwenzangu wa jirani ana bango kubwa. Kamati ya madiwani ya jiji haikukaa pale kuokoa biashara yako ndugu yangu, inachoweza kukuelewa ni shida ya kiwanja, yani barabara imepinda, kuna ukuta wa jirani, kuna miti, umerudishwa nyuma sana na hifadhi ya barabara (ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara). Andika kiwanja, acha kuandika mfuko wako.

Na hili sio la kwetu peke yetu. Kule Marekani miji ina bodi kabisa za kusikiliza maombi ya kupunguziwa masharti ya mipango miji, wauza magari nao huwa wanapeleka maombi kwa haya mambo ya mabango, na tangu ile sheria ya mfano iliyotolewa na Wizara yao ya Biashara miaka ya 1920 swali kubwa ni lile lile, je sharti likifuatwa kama lilivyo linamuumiza mwombaji pasipo sababu? Na kwa kawaida shida uliyojitengenezea mwenyewe haihesabiwi. Ukijenga fremu za maduka mbele alafu ukaja kusema bango halionekani kwa sababu ya fremu, utaulizwa fremu alijenga nani.

Haya, cha kwanza kabisa jua barabara iliyo mbele yako ni ya nani. Ukiwa barabara ya Segera au ya Horohoro hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, ukiwa mitaani huko Ngamiani kwenye barabara za namba au Makorora hizo za ndani ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande, zamani ilikuwa mita 22.5, na hapa ndo wazee wengi wanapokwama maana kichwani bado wanayo ile ya zamani. Chukua tepu, nenda na kijana, pima kutoka katikati ya lami (asubuhi mapema, malori hayajaanza fujo) na uweke vigingi viwili vya chuma pale mita 30 inapoishia. Nguzo ya bango ikianguka ndani ya hapo kamati ya jiji haina cha kukupa, hiyo ni habari ya ofisi ya meneja wa TANROADS mkoa, na hata akikuruhusu jua barabara ikipanuliwa unang'oa mwenyewe.

Cha pili angalia hati ya kiwanja imeandikwa matumizi gani. Kama imeandikwa makazi na wewe umepanga Toyota ishirini uani, usiguse habari ya bango kwanza, kabadili matumizi, maana ukipeleka ombi la bango unakuwa umejipeleka mwenyewe ukaulizwe yadi imeruhusiwa na nani.

Kuna na la tatu ambalo watu wa barabara ya Segera wanalisahau kila siku, uwanja wa ndege. Upo pale pale jirani na barabara, kwa hiyo kama unawaza nguzo ndefu ile ya kuonekana toka mbali, urefu unatakiwa uulizwe Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Barua yao ukiiambatanisha mapema unamwondolea afisa mipango miji sababu moja ya kukurudisha.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, kipimo. Usiombe "bango kubwa", omba namba na useme imetoka wapi. Hesabu yake hii hapa. Mwendo ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa, gari linakula kama mita 14 kila sekunde. Mpe dereva sekunde nne za kuona, kusoma na kuanza kupunguza mwendo, hiyo ni mita 56, karibu futi 184. Mafundi wa mabango wana kanuni yao, inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi kumi za umbali ndo inasomeka vizuri bila kukodoa macho. Kwa hiyo unahitaji herufi za inchi 18. Neno MAGARI kwa herufi za inchi 18 linakaa vizuri kwenye bango la futi 12 kwa 4, yani futi za mraba 48. Tuseme sheria ndogo imekupa 32, basi umeomba 16 za ziada na kila moja ina maelezo yake. Linganisha na yule anayetaka futi 20 kwa 10 kwa sababu anataka jina la kampuni, namba nne za simu, picha ya Land Cruiser, maneno "tunapokea mkopo" na salamu za mfungo humo humo. Huyo ameomba futi 200 na hakuna dereva atakayesoma hata nusu, alafu ushuru wa bango unaenda na ukubwa, kwa hiyo atalipia maneno yasiyosomwa mwaka hadi mwaka. Punguza maneno kwanza ndo uombe ukubwa. Namba za simu bandika getini, mtu akishasimama atazisoma.

Hesabu peke yake haitoshi, iwekee picha. Tafuta turubai la rangi nyeupe, likate kipimo cha sheria, libandike MAGARI kwa gundi, funga kwenye mianzi miwili na vijana walishike pale pale nguzo itakaposimama. Wewe panda gari, mita 56 kabla piga picha ukiwa kiti cha dereva, sio umesimama katikati ya barabara maana ile haionyeshi anachoona dereva. Rudia na turubai la kipimo unachoomba. Picha mbili, karatasi moja, juu "kilichoruhusiwa" chini "kinachoombwa". Kama kwenye ile ya juu mwarobaini wa jirani umekula mwanzo wa neno na ikabaki GARI tu, umemaliza kazi. Kama zote mbili zinasomeka sawa, basi mi nakushauri uache, huna shida ya kiwanja, weka bango la kawaida ufanye biashara.

Makaratasi mengine ni ya kawaida: nakala ya hati au mkataba wa pango pamoja na ridhaa ya mwenye kiwanja, leseni, TIN, mchoro wa mahali, mchoro wa nguzo na msingi uliosainiwa na injinia. Huo wa injinia usifanye ubahili, Tanga ni mji wa bahari, kaskazi na kusi vinapokezana mwaka mzima na chumvi inakula chuma kimya kimya, kwa hiyo uliza chuma kilichopakwa zinki na useme hivyo kwenye mchoro. Taa za kuwakawaka usiombe, na taa nyekundu au kijani karibu na makutano ndo kabisa, zitachanganywa na za barabarani. Taa ya kumulika kutoka juu kwenda chini inapita kirahisi zaidi, ila bango la taa lina ushuru wake tofauti na lisilo na taa.

Pitia serikali ya mtaa kabla ya jiji. Nenda kwa mwenyekiti, mwamkie vizuri, mwonyeshe zile picha, omba barua. Na majirani wawili watatu uongee nao, hasa yule ambaye dirisha lake la chumbani litaangaliana na taa. Akisaini kwamba hana pingamizi ukakubali kuzima saa nne usiku, liandike hilo kwenye ombi kama sharti ulilojiwekea mwenyewe, waheshimiwa wanalipenda sana.

Kikaoni pengine hutaitwa kabisa. Anayesoma ombi lako mbele ya madiwani ni mtaalamu wa jiji, kwa hiyo karatasi zako ziongee bila wewe. Ukurasa wa kwanza uwe na mistari mitano: kiwanja kiko wapi, sharti linasema nini, naomba nini, kiwanja kina shida gani, nimepunguza madhara vipi. Peleka mapema kabla ajenda haijafungwa maana kikao kikishapita unangoja kingine, na muulize afisa mwenyewe, "Samahani mkuu, kuna kinachopungua?" kabla hujaondoka mezani. Ukipata nafasi ya kuongea anza na mheshimiwa mwenyekiti, sema kiwanja, sema mita, kaa chini. Ukianza habari ya mwenzako aliyewekewa kubwa bila kibali umeshamchokoza mtu.

Wakikataa omba jibu la maandishi lenye sababu. Mara nyingi sababu ni moja tu, urefu au taa, unairekebisha unarudisha. Wakikubali soma kipimo kilichoandikwa kwenye kibali, sio ulichoomba, kwa sababu kamati huwa inakata katikati, alafu fundi asikate bati hata moja kabla hujapata kontro namba na kulipa. Nakala ya kibali na risiti viweke ofisini pale yadi, wakaguzi wanapita wewe ukiwa bandarini unatoa magari na kijana aliyebaki hajui faili liko wapi.