Vepu ya meki: kuikagua, kuiwasha na kujua inaumwa nini

Kazi yangu ni betri. Nafungua pakiti za laptop, natengeneza pawabenki, nabadilisha betri za spika na tochi hapa Kariakoo. Siku hizi wateja wameanza kuniwekea mezani kitu kingine: bomba la shaba zito kama nyundo ndogo, kitufe chini, atomaiza juu, yaani kichwa kinachogeuza maji ya vepu kuwa mvuke. Ni vepu, sigara ya kielektroniki, na wenyewe wanaiita meki. Malalamiko ni yaleyale: haiwaki, inawaka kivivu, au kitufe kinaunguza kidole.

Vepu nyingi zina bodi ndani, yaani saketi ya kuzilinda. Bodi inapima koili, ule waya uliosokotwa unaopata moto ndani ya atomaiza, inakata umeme ikiona shoti, inakata tena betri ikiisha. Meki haina bodi. Ni tochi ya zamani, ila pa balbu pana koili. Ukibonyeza, betri inamwaga ilichonacho chote, na kazi ya bodi umeibeba wewe. Kama huna mita na hesabu zinakuchosha, nunua yenye bodi, wala usione aibu. Mimi ninayoivuta ni hiyo. Na kama huvuti sigara, usianzie hapa wala popote, nikotini ikishakushika haikuachii kirahisi.

Hatua ya 1: Ijue betri yako

Nyingi hutumia 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Ukiishika, unaona ncha chanya juu na kitako hasi chini, ukadhani hasi iko chini tu. Hapana. Kopo lote la chuma ni hasi, kuanzia kitako, ubavuni, hadi ukingo wa juu unaoizunguka ile ncha chanya. Kati ya chanya na ukingo huo pana nafasi ndogo mno, imezibwa na kipete chembamba cha karatasi na mkunjo wa plastiki. Basi.

Kwa hiyo ichukue, isogeze kwenye mwanga, izungushe polepole huku ukipitisha ukucha. Plastiki ikichanika ubavuni, kopo linagusa bomba, na koili inaweza kujiwasha bila kubonyezwa. Ikichanika ukingoni juu, ni mbaya zaidi: chuma cha atomaiza kikigusa chanya na ukingo kwa pamoja, hiyo ni shoti kamili. Kijana mmoja aliniletea yake ina kidonda ukingoni kisichozidi punje ya mchele. Alikuwa ameitumia wiki nzima, akasema inapata moto kidogo tu. Plastiki mpya ya kuvalisha betri ni ya bei ndogo sana: unaivisha, unapitisha hewa ya moto, inajibana. Kipete cha karatasi usikisahau. Betri iliyobonyea kopo haivalishwi, inatupwa.

Sasa la mtaani kwetu. Betri zinazotoka kwenye pakiti za laptop usizitie kwenye meki. Zimetengenezwa kutoa umeme taratibu kwa saa nyingi. Kwenye tochi zinafaa, hapa hazifai. Pia 18650 iliyoandikwa 9800 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, ni uongo mtupu. Nzuri za sokoni nyingi ziko kati ya 2500 na 3500, na zinazohimili ampea nyingi mara nyingi hazipiti 3000. Ipeleke kwenye mzani wa sonara. Ya kweli ina gramu 45 hivi. Ikija 30, ndani hamna kitu cha maana.

Hatua ya 2: Pima koili kabla haijaonana na betri

Multimita ya kawaida inadanganya kwenye namba ndogo, maana nyaya zake zenyewe zina ukinzani. Gusanisha ncha zake mbili kwanza, soma, labda itakupa ohm 0.2 au 0.3. Hiyo unaitoa kwenye kila kipimo. Lakini ukiwa na kipima koili, au rafiki mwenye vepu ya bodi yenye kioo, tumia hicho. Kinasoma vizuri zaidi.

Kaza skrubu, pima. Tikisa koili kidogo kwa kijiti, pima tena. Namba ikirukaruka, mguu mmoja wa waya haujashikwa au unagusa chuma cha pembeni. Usiendelee mpaka itulie. Kama una koili mbili, kumbuka zinagawana njia: mbili za ohm 0.6 zinakuwa 0.3, si 1.2. Kosa hili nimeliona kwa watu wenye elimu zao.

Hatua ya 3: Hesabu

Ampea ni volti ugawe kwa ohm. Volti weka 4.2, maana ndiyo ya betri iliyotoka kwenye chaja. Wengi wanaweka 3.7 kwa sababu imeandikwa ubavuni. Koili ya 0.2 kwa 3.7 inatoa ampea 18.5, na mwenye betri ya ampea 20 anajiona salama. Kwa 4.2 ni ampea 21, tayari amevuka.

Koili ya 0.5 inavuta 8.4. Ya 0.3 inavuta 14. Ya 0.1 inavuta 42, na hakuna 18650 ya kuibeba kwa usalama, lebo iseme itakavyosema. Namba unayoitaka kwenye betri ni ya ampea za mfululizo. Ile ya "pulsi", ya muda mfupi tu, ni ya kuuzia. Mimi simwekei mteja koili chini ya 0.3 kwenye betri ya ampea 20. Wengine watasema naogopa. Sawa, naogopa. Na wale wanaopanga betri mbili juu ya nyingine wapate volti 8.4, mezani kwangu hawapati huduma.

Hatua ya 4: Pini ya katikati ya atomaiza

Hapa ndipo ningekuomba usome mara mbili. Meki nyingi hazina kipande cha katikati cha kutenganisha. Atomaiza inakanyaga betri moja kwa moja. Pindua atomaiza uiangalie chini. Kuna pini katikati, halafu kihami, halafu pete yenye meno ya kufungia. Pini ni chanya, pete ni hasi. Pini lazima ijitokeze wazi kuliko pete. Ikiwa sawa nayo, au ni ya springi inayozama ikikandamizwa, pete itaikanyaga ncha chanya ya betri, na ukibonyeza kitufe umepiga shoti. Weka rula ikiwa imesimama juu ya pete. Ikilala sawasawa bila kuchezacheza, atomaiza hiyo haiingii kwenye meki hiyo.

Angalia pia matundu ya hewa kwenye bomba. Gesi ya betri iliyochemka ikikosa njia, bomba linageuka bunduki. Mei 2018, huko St. Petersburg, Florida, mtu wa miaka 38 aliuawa na vepu ya aina hii iliyomlipukia. Matundu yakijaa uchafu, zibua kwa kijiti cha meno.

Hatua ya 5: Kuwasha

Funga kitufe kwa loki yake. Ingiza betri, funga atomaiza bila kulazimisha. Fungua loki, bonyeza sekunde moja, achia. Shika bomba kwa kiganja. Likipata joto kabla koili haijapata, ondoa betri.

Baada ya hapo ni mivuto mifupi, sekunde tatu au nne, na loki kila unapoiweka chini. Hili la loki nimelipata kwa gharama. Niliwahi kutupa meki kwenye begi bila kufunga, daftari likakaa juu ya kitufe. Nilichoanza kusikia ni harufu ya pamba ya kwenye koili, ile inayonyonya maji ya vepu, ikiungua ndani ya daladala.

Ikigoma

Haiwaki kabisa: anza na rahisi, loki. Kisha volti za betri. Kisha pini, huenda haifiki kwenye betri. Mwisho koili, labda mguu umekatika.

Inawaka kivivu: pima betri kwanza. Ikiwa chini ya 3.4 irudi kwenye chaja, na usiizoee kuikamua hadi chini ya 3.2, maana hakuna wa kukukatia. Kama imejaa, tatizo ni uchafu. Umeme unapita kwenye meno ya bomba, na shaba ikipata weusi umeme unakwama. Toa betri, fungua vyote, futa meno na miguso kwa spiriti na pamba ya masikio. Weusi sugu unatoka kwa ndimu na chumvi, kama tunavyosafisha masinia, ila iliyopakwa fedha usiifanyie hivyo. Suuza, kausha hadi ndani kabisa. Stilwuli marufuku, nyuzi zake zinabaki kwenye meno na kupiga shoti.

Kitufe kinaunguza: huo ni umeme unaogeuka joto pale usipopita vizuri. Safisha mguso wa swichi. Ikiwa ina springi, itoe uitazame. Iliyokwisha pata moto inalala, haisimami, na siku moja inalala ikiwa imebonyezwa. Badilisha.

Ladha ya kuungua: pamba imekauka au imebanwa mno. Hili halina uhusiano na betri, ni la mkasi.

Bomba zima linapata moto, au unasikia mlio kama chupa ya soda ikifunguliwa: usifungue chochote. Litupe nje, sakafuni kwenye saruji au mchangani, sogea mbali, moshi wake usiuvute. Moto wa betri moja unapozwa kwa maji mengi. Aliyeungua apelekwe hospitali na aseme ni betri ya lithiamu.

Kuchaji na kubeba

Chaja ya nje, ampea 0.5 hadi 1, mchana ukiwa macho. Betri ya akiba ikae kwenye kikasha cha plastiki. Mfukoni na funguo au sarafu, paja lako ndilo litakalosimulia. Kwenye ndege inapanda nawe kabini, haiingii kwenye mzigo. Na ukivuka Mutukula iache nyumbani: Uganda ilipiga marufuku kuingiza na kuuza vepu kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, na forodha hawatakuuliza kama ina bodi au haina.