Bagamoyo kwenda na kurudi siku moja bila gari: angalia mwezi kwanza

Wikiendi nyingi natembeza watu Bagamoyo, wengi wao wa hapahapa Dar, watu wa maofisini, wanachuo, familia na watoto wao, na mara mojamoja mtu kapata mgeni kutoka nje hajui ampeleke wapi. Wote swali la kwanza ni bei. Ambacho hawaulizi ni maji yanajaa saa ngapi, na hicho ndo kinachoamua siku yako itakuwaje.

Mi nilijifunza kwa kuumbuka. Kuna mwaka nilibeba kundi la watu kumi na moja, mshahara umetoka Ijumaa, Jumamosi haoo tukaondoka. Tukaanza na mjini, tukala, tukaenda kwenye magofu ya Kaole saa saba mchana jua la utosi, shangazi wa mmoja wao akakaa chini ya mbuyu akasema yeye kashafika, tutamkuta hapohapo. Saa kumi tunafika ufukweni, bahari haipo. Yaani ipo ila kuleee. Dada mmoja alikuwa kanunua nguo ya kuogelea mpya kabisa Kariakoo kwa ajili ya siku hiyo, akatembea kwenye tope na majani ya bahari kama robo saa, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akasimama, akageuka akaniangalia. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo napanga hivi ninavyowaandikia hapa.

Hatua ya 1: Chagua Jumamosi kwa mwezi wa angani, sio kwa mwisho wa mwezi

Pwani yetu hii bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, linakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji yanapwa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini hivi, kwahiyo baada ya wiki moja, kipindi cha maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ratiba inakuwa imegeuka, yanajaa asubuhi wakati wewe uko kwenye magofu na yanapwa jioni wakati ndo unavua viatu. Ndicho kilichotupata siku ile.

Sasa wewe tafuta Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu au mwandamo, ikizidi au kupungua siku moja sio mbaya, maji yatajaa saa tisa au saa kumi na moja badala ya saa kumi. Huna haja ya kujua nyota, kalenda yoyote ya Kiislamu ukutani inakuonyesha, tarehe moja na tarehe kumi na tano ndo zenyewe. Au ingia intaneti utafute ratiba ya maji ya Dar es Salaam, Bagamoyo haitofautiani sana.

Kwanini Jumamosi na sio Jumapili? Jumapili Misheni, kwenye kanisa la zamani la wamisionari, wana misa, na jioni yake foleni ya kurudi kuanzia Bunju mpaka Tegeta inatia uchungu. Masika, Machi mpaka Mei, sipeleki mtu. Juni mpaka Oktoba ndo raha yenyewe, hakuna joto la kukuua. Mwezi wa Ramadhani unaweza kwenda ila ujue msosi wa mchana utautafuta, na usitembee unakula barabarani, huu ni mji wa Waislamu wengi, waheshimu tu.

Hatua ya 2: Begi dogo

Maji lita moja na nusu kila mtu, kofia, kandambili, kanga au kitenge kimoja (kinafunika mabega, kinakuwa taulo, kinakuwa mkeka), na kitambulisho, cha NIDA au chochote kinachoonyesha wewe ni raia, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni wa nje ni vitu viwili tofauti kabisa. Hela weka kwenye simu na nyingine beba mkononi, noti ndogondogo. Sehemu za serikali unalipa kwa kontroli namba, ila mama wa vitumbua hana kontroli namba.

Hatua ya 3: Basi, Makumbusho, kabla ya saa moja asubuhi

Magari ya Bagamoyo yanajaza pale stendi ya Makumbusho. Ni kama kilomita 60, na kama umetoka mapema unatumia saa moja na nusu hadi mbili, ukichelewa ukapanda saa tatu hesabu yote ya siku imekufa. Kaa upande wa kushoto, asubuhi jua linatokea kulia, upande wa baharini. Unapita Mwenge, Tegeta, Bunju, halafu nyumba zinaanza kupungua, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, hapo unaona minazi na mananasi yamepangwa barabarani. Mananasi nunua ukirudi. Konda akikudai nauli ya begi dogo mcheke tu, usigombane.

Hatua ya 4: Chai, halafu bajaji

Ukishuka stendi ya Bagamoyo utazungukwa na boda na bajaji. Usiongee na mtu yeyote kabla ya chai. Kweli kabisa. Nenda kaa kwa mama, agiza chai ya tangawizi na vitumbua, salimia vizuri, wazee shikamoo, halafu muulize yeye mwenyewe, "mama, bajaji kwenda Kaole akanisubiri saa moja na nusu, akanirudisha mpaka Misheni, ni shi ngapi?" Atakutajia bei ya kijijini. Wakati mwingine atamuita mtu kabisa, "we fulani, wapeleke hawa wageni wangu", na hapo umeshakuwa mgeni wa mtu, hulanguliwi tena.

Patana safari nzima kwa mara moja, kwenda, kusubiri, kurudi. Ukipatana ya kwenda tu utakwama kule. Na usiende Kaole kwa miguu, ni kilomita tano hivi na barabara imetulia mno, sio ya kutembea na simu mkononi.

Hatua ya 5: Kaole, saa tatu asubuhi

Hapa usikimbie. Huu ndo mji wenyewe kabla Bagamoyo haijawa Bagamoyo, kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi, na msikiti wa zamani zaidi ni wa karne ya 13. Watu wengi wanaingia, picha tatu, wanatoka wakisema "si mawe tu". Ni mawe, ndio, matumbawe na chokaa, sasa yaangalie.

Nenda kwenye makaburi yenye nguzo. Inama kidogo uangalie kwenye ile nguzo ndefu, utaona vishimo vya duara, saizi ya bakuli la uji. Humo yalikuwa yamepachikwa mabakuli ya kaure ya kutoka China. Yaani mtu wa Kaole kafa, ndugu zake wanachukua bakuli lililovuka bahari nzima ya Hindi wanalibandika kwenye kaburi lake ili kila anayepita ajue huyu hakuwa mtu wa kawaida. Vipande vya hayo mabakuli vimo kwenye makumbusho kadogo pale getini, ingia kabla ya kwenda kwenye makaburi, ukiingia baadaye utakuwa umechoka hutaangalia.

Halafu simama uangalie upande wa bahari. Huioni. Unaona mikoko. Hii ilikuwa bandari, majahazi yanatia nanga, mchanga ukajaa, mikoko ikasogea, biashara ikahamia Bagamoyo. Nawaambiaga watu hapo wanyamaze dakika moja wasikilize, unasikia ndege na majani tu.

Kuna kaburi la Sharifa, utaona watu wanakuja kuomba dua na kuacha vitu vidogovidogo. Usivishike, usipige picha mtu anaomba, na wanawake funikeni mabega, kanga si unayo. Msimamizi atakuonyesha kisima chenye maji baridi, ukitaka unawe uso, na mbuyu ambao ukiuzunguka unaongezewa umri. Mi nimeuzunguka mara sijui ngapi, nikifika miaka mia mbili nitawajulisha.

Hatua ya 6: Misheni, kama saa tano

Bajaji ikushushe kwenye njia ya miembe, uingie kwa miguu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakawa wanakomboa watumwa na kuwajengea kijiji hapohapo. Mbuyu mkubwa uliopo ulipandwa mwaka huohuo wa 1868. Makumbusho yao yamepangwa vizuri, picha na minyororo, tenga dakika arobaini.

Kila mtu anataka mnara ambako mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulilazwa usiku mmoja, Februari 1874. Sawa, piga picha. Ila mi nikifika hapo nasimulia habari za Chuma na Susi, Waafrika waliokuwa watumishi wake. Livingstone kafia ndani kabisa, nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873, hawa jamaa na wenzao wakauzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwenye gome la mti na kuubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka hapa ulipo wewe unalalamika jua. Na walipofika, aliyepanda meli na ule mwili mpaka Uingereza kwenye mazishi alikuwa mwenzao mmoja, Jacob Wainwright. Chuma na Susi, waliokuwa na mzee tangu miaka ya nyuma kabisa, hawakuwepo siku ya kuzikwa, walikuja kualikwa baadaye. Hapo kundi lolote linaanza mjadala lenyewe, mi nakaa pembeni nakunywa maji.

Hatua ya 7: Msosi

Saa saba uwe sokoni kwa samaki, ufukweni. Chagua samaki wako kwanza, changu au kibua, angalia jicho limetokeza na matamvua mekundu, ndo umpelekee anayekaanga, na bei ya samaki na bei ya kukaanga ni mbili tofauti, uliza zote. Pweza akiwepo mchukue. Ndimu, pilipili, muhogo, basi. Kamera weka mfukoni, au omba kwanza, wale wako kazini.

Hatua ya 8: Mji Mkongwe kwa miguu

Kuanzia saa nane unatembea kwenye vivuli vya nyumba. Ngome Kongwe ya mwaka 1860, Boma la Mjerumani la 1897, Karavanserai walikokuwa wanafikia wapagazi, milango ya kuchonga. Ni karibukaribu, saa moja na nusu inatosha. Mjerumani aliufanya huu mji kuwa makao makuu yake kabla hajahamia Dar mwaka 1891. Na karibu na ufukwe kuna mnara wa kumbukumbu ya walionyongwa na Wajerumani, hauna mbwembwe, watu wengi wanaupita hawajui.

Utasikia maana mbili za jina. Mmoja atakwambia bwaga moyo ni mtumwa anakata tamaa hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mwingine atakwambia ni mpagazi katoka na pembe za ndovu Ujiji huko, kafika pwani, anatua mzigo na moyo unatulia. Mi naegemea ya wapagazi, kwasababu walikuwa wengi mno na walikuwa wanaimba njia nzima, na jina la mji huwa linatoka kwa wanaousubiri kwa hamu. Lakini simbishii mtu, watu walifungwa minyororo hapa kweli.

Kama una nguvu na unapenda ngoma pitia TaSUBa, kile chuo cha sanaa, uwaulize kama kuna mazoezi au onyesho siku hiyo.

Hatua ya 9: Bahari

Saa kumi. Kama ulifuata hatua ya 1, maji yako miguuni kwako. Mwanamke kuogelea na kanga au tisheti na kaptura ni kawaida tu, bikini baki nayo kwenye fukwe za hoteli, na mgeni wako wa nje mwambie mapema, sio ameshavua. Vitu vyenu abaki navyo mtu mmoja, mpokezane. Usiende mbali na watu.

Hatua ya 10: Kurudi

Saa kumi na moja na nusu uwe stendi. Giza likiingia magari yanapungua na mnaanza kugombania dirishani. Waambie watu wako wajikung'ute mchanga kabla ya kupanda, konda akiuona kwenye siti mtamsikia mpaka Makumbusho. Na mananasi ni Kiromo au Zinga, gari likisimama kidogo tu wanakuja nayo dirishani, shika hela mkononi tayari, bonyeza chini ya nanasi kama panabonyea na panatoa harufu, chukua mawili.