Kutotolesha kambale: vichanga bado hawajui kuvuta hewa

Nimetoka kumsaidia mfugaji mmoja wa Ifakara, naye aliuliza swali la kila anayeanza: samaki huyu anaishi hadi kwenye tope, iweje watoto wake wafe kwenye maji safi? Jibu liko hatua ya 4.

1. Chagua wazazi. Jike awe na tumbo laini, dume awe na kile kinyama chenye ncha karibu na tundu la haja.

2. Mchome jike sindano. Porini kambale hutaga usiku, mvua zinapojaza mito na maji kufunika nyasi, kama kwenye mbuga za Kilombero na Rufiji. Bwawani mafuriko hayo hayapo, kwa hiyo mayai hayashuki. Mimi natumia tezi ya pituitari (iko kichwani, chini ya ubongo) ya kambale mwenye uzito kama wa jike, nikaisaga kwenye maji ya chumvi. Maji yakiwa nyuzi 25, subiri muda wa saa 11 hivi kabla ya kukamua.

3. Kamua mayai kwenye bakuli kavu. Dume hakamuliki: mchinje, toa mbegu, changanya na mayai, tia maji, tandaza upesi juu ya chandarua kilicho ndani ya tenki.

4. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi moja na nusu, na hapo ndipo kazi ilipo. Kile kiungo cha kuvutia hewa, chenye matawi juu ya matamvua, kichanga hazaliwi nacho. Huchukua wiki kadhaa kukua. Kabla ya hapo anategemea oksijeni iliyomo majini tu. Ukiwaona wamejazana juu wakihema siku ya 5, usifurahi kwamba wamerithi, wanakosa pumzi! Pampu ya hewa siiamini, umeme ukikatika imekwisha. Inua tenki la maji juu kuliko la vichanga, maji yatiririke yenyewe mchana na usiku. Toa chandarua mara vichanga wakishashuka, maana mayai meupe yaliyokufa yanaoza na kumaliza oksijeni. Usilishe mpaka kiini cha yai walichozaliwa nacho tumboni kiishe, kama siku 3. Kisha wape atemia (vidudu vidogo vya maji ya chumvi) kidogo kidogo (pumba hapana, tafadhali), na mabaki uyanyonye kwa mpira kila siku. Funika sehemu ya tenki lao, wanapenda giza.

5. Wakianza kupanda, kumeza hewa na kushuka, watenge kwa ukubwa mara kwa mara. Wakubwa huwala wadogo, hata ukiwashibisha.