Somo: Jenga amplifaya ya TDA2030A isiyovuma wala kuunguza chipu

Wiki iliyopita kijana wa Buhongwa, Mwanza, aliniletea amplifaya aliyoijenga mwenyewe. Rezista zote zilikuwa sahihi, kulehemu kulikuwa kusafi, chipu ilikuwa halisi. Lakini ukiiwasha tu inanguruma, hata voliumu ikiwa sifuri. Nilikata waya mmoja wa grandi (sifuri ya umeme, pale volti zote zinapoanza kuhesabiwa), nikauhamisha kama sentimita tatu, nikaulehemu upya. Ikawa kimya, unasikia mluzi wa mpita njia nje.

Ndiyo maana naandika somo hili. Chipu ya amplifaya imekuja na kila kitu ndani yake. Kazi uliyobakiziwa wewe fundi ni mbili: grandi ipite wapi, na joto liende wapi. Mengine yote unaweza kuyanakili kwenye mchoro wowote.

Chipu yenyewe

Nachagua TDA2030A kwa sababu ina miguu mitano tu, bei yake ni ndogo, na sabufa mbovu nyingi zina moja au mbili ndani. Ukiishika maandishi yakikutazama na miguu ikielekea chini, hesabu kutoka kushoto: mguu wa 1 ni ingizo la sauti, wa 2 ni ingizo la marejesho (sehemu ya sauti ya spika inayorudishwa kwenye chipu), wa 3 ni hasi, wa 4 ni toleo la spika, wa 5 ni chanya. Kwenye volti 16 chanya na 16 hasi inatoa wati 12 hivi kwa spika ya omu 8, na wati 18 kwa omu 4.

Angalia hiyo herufi A mwishoni. TDA2030 isiyo na A mwisho wake ni volti 18 kila upande, yenye A inavumilia 22. Transfoma ya 12-0-12 ikishapita kwenye dayodi na kapasita inatoa kama volti 16 au 17 kila upande. Lakini usiku wa manane, umeme wa mtaani ukipanda hadi 250 na transfoma haina mzigo, nimewahi kupima 19. Isiyo na A hapo inakufa bila hata kupigiwa wimbo.

Na kuna chipu za kughushi. Niliwahi kununua kumi katika duka moja mjini, sita zikafa kwenye volti 16. Sasa kabla ya kulipa naloweka kipande cha pamba kwenye asetoni na kufuta uso wa chipu. Maandishi yakitoka na chini yake ukaona mikwaruzo ya msasa, rudisha.

Hatua ya 1: Umeme

Transfoma ya 12-0-12 ya ampea 3 inatosha chaneli mbili za omu 8. Weka fyuzi ya ampea 1 na swichi upande wa volti 230, kisha daraja la dayodi la ampea 4 au zaidi, kisha kapasita mbili za 4700 maiko (maikrofaradi), volti 35. Zile za volti 25 zinafanya kazi, ila zinabaki na nafasi ndogo mno kwa umeme wetu.

Upande wa 230 funika kila kiungo kwa bomba la plastiki la kusinyaa. Hili halina mjadala.

Hatua ya 2: Bodi

Bodi ya matundu inafaa kabisa. Sauti inapita kwenye kapasita ya 1 maiko kwenda mguu wa 1, na rezista ya 22K (omu 22,000) inatoka mguu wa 1 kwenda grandi. Usiisahau hiyo 22K. Bila yake mguu wa 1 unaelea hewani na spika inapokea volti za moja kwa moja (DC).

Marejesho: 22K kutoka mguu wa 4 kwenda mguu wa 2, kisha kutoka mguu wa 2 rezista ya 680 ikifuatana na kapasita ya 22 maiko kwenda grandi, upande hasi wa kapasita ukiwa grandi. Hizo rezista mbili ndizo zinazoamua ukuzaji: 22,000 gawa kwa 680, jumlisha 1, unapata mara 33.

Kwenye toleo weka rezista ya omu 1 ikifuatana na kapasita ya 220 nano kwenda grandi. Wengi wanaiacha kwa kuwa sauti inatoka hata bila yake. Inazuia chipu isitetemeke kwa masafa ya juu usiyoyasikia, kwa hiyo iweke. Weka pia dayodi mbili za 1N4001: moja kutoka mguu wa 4 kwenda chanya, mstari uliochorwa kwenye dayodi ukielekea chanya, nyingine kutoka hasi kwenda mguu wa 4, mstari ukielekea mguu wa 4.

Mwisho, kapasita za 100 nano kutoka mguu wa 3 na mguu wa 5 kwenda grandi, zikiwa zimegusana kabisa na chipu, na za 220 maiko kando yake. Sentimita tano za waya hapo ni nyingi.

Hatua ya 3: Grandi

Hapa soma polepole.

Umeme wetu ni hezi 50, na daraja la dayodi linatumia nusu zote mbili za wimbi. Kwa hiyo kapasita kubwa zinajazwa mara 100 kila sekunde, kwa mapigo mafupi yenye ampea nyingi. Mapigo hayo yanapita kwenye waya wa kati wa transfoma hadi pale kapasita mbili kubwa zinapokutana. Ukiunga grandi ya sauti popote kwenye njia hiyo, chipu itayachukua mapigo kama sauti na kuyakuza mara 33. Ndilo kosa alilofanya yule kijana. Waya wa voliumu yake ulikuwa umelehemiwa kwenye mguu wa transfoma.

Fanya hivi. Chukua waya mnene wa shaba, unganisha hasi ya kapasita ya juu na chanya ya kapasita ya chini. Hapo ndipo waya wa kati wa transfoma unaishia, wenyewe peke yake. Kutoka katikati ya kiungo hicho toa waya mwingine mfupi wa sentimita tatu, mwisho wake upinde kitanzi kidogo. Kitanzi hicho ndicho nyota yako. Hapo unaleta waya mmoja mmoja: wa kurudi kutoka spika ya kushoto, wa spika ya kulia, wa ile omu 1 na 220 nano, wa kapasita za 100 nano na 220 maiko, na wa mwisho grandi ya sauti. Usiruhusu hata nyaya mbili zishirikiane njia kabla ya kufika kwenye kitanzi. Pasha moto mpaka risasi itiririke na kung'aa pande zote. Ikibaki na rangi ya majivu, rudia.

Mngurumo mzito wa hezi 50 ni ugonjwa mwingine: waya wa sauti usio na shildi (wavu wa shaba unaouzunguka), au transfoma iliyokaa karibu na voliumu. Izungushe transfoma robo duara ukisikiliza.

Hatua ya 4: Joto

Chipu moja kwenye omu 8 inaweza kutoa joto la wati 6 na nusu, kwenye omu 4 wati 13. Sahani ya alumini ya milimita 3, sentimita 10 kwa 15, ikisimama wima hewani, inatosha chipu mbili za omu 8. Kwa omu 4 tafuta hitisinki (chuma cha kupozea) yenye mapezi.

Bati la mgongo wa chipu limeungwa na mguu wa 3, yaani hasi. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi niliifunga bila mika (karatasi nyembamba inayozuia umeme lakini inapitisha joto) kwenye kasha la chuma lililounganishwa na grandi. Nilipowasha dayodi zilipasuka na transfoma ya mteja ikaungua. Nilimlipa, na iliniuma kwa miezi. Weka mika na grisi nyembamba pande zote mbili, weka bushi ya plastiki kwenye skrubu, kisha pima kwa mita kati ya bati na hitisinki. Mita isilie.

Hatua ya 5: Kuwasha

Usichomeke moja kwa moja ukutani. Unga balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, kwa mfululizo na waya wa 230. Ya LED haifai. Ukiwasha, balbu itamulika mara moja kapasita zinapojaa, kisha ififie karibu kuzima. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti, zima utafute.

Washa kwanza bila chipu, upime volti kwenye matundu ya mguu wa 3 na wa 5. Zikilingana, zima, subiri kapasita zitoke chaji, lehemu chipu, washa tena. Sasa, kabla ya spika, pima kati ya mguu wa 4 na grandi. Unataka chini ya milivolti 50. Ukiona volti kadhaa, spika yako ingeungua. Angalia ile 22K ya mguu wa 1. Kisha weka kidole kwenye hitisinki kwa dakika tano bila muziki. Iwe na uvuguvugu tu. Hapo ndipo unatoa balbu na kuunga spika, na iwe spika ya zamani kwanza.

Maboresho

Watu hukimbilia kubadilisha kapasita kutafuta besi. Piga hesabu: 1 maiko na 22K zinakata kwenye hezi 7, 22 maiko na 680 kwenye hezi 10 na kitu. Spika yako yenyewe haifiki huko. Besi imepotea kwenye transfoma dogo na kwenye boksi la spika, basi tumia hela yako huko.

Boresho ninalolifanya kila mara ni kutoa 680 na kuweka 1K. Ukuzaji unashuka hadi mara 23, ile kelele ndogo ya "shii" ya chinichini inapungua, na voliumu inakuwa na nafasi ya kuzungushwa. Simu inatoa sauti ya kutosha kuijaza amplifaya hii hata hivyo.

Maswali ya wanachama

*Mwangaluka fundi. Niko Ukerewe, umeme wangu ni sola na betri ya volti 12. Nitaijenga hii?*

Mwangaluka ndugu. Usiijenge hii. Kwenye volti 12 TDA2030A inatoa kama wati 2 na nusu tu kwa omu 4. Tafuta chipu ya TDA7297: inafanya kazi kuanzia volti 6 na nusu hadi 18, ina chaneli mbili, na kila spika inasukumwa kutoka pande zote mbili. Kwa betri yako utapata wati 6 hivi kila upande kwenye omu 8. Usitumie omu 4, na hasi ya spika usiiguse grandi kamwe, kwa sababu nayo ni toleo.

*Kaka, nataka kuunga mbili kwa daraja kwa ajili ya sabufa ya omu 4. Nitapata wati ngapi?*

Utapata chipu mbili zinazojizima. Kwa daraja, yaani chipu mbili zikisukuma spika moja kutoka pande zote mbili, kila chipu inaiona spika kama nusu yake, yaani omu 2, na TDA2030A inajizuia kwenye ampea 3.5. Kwa sabufa ya omu 8 sawa, utapata wati 30 na kidogo. Kwa omu 4 nenda chipu ya LM3886 kwenye volti 28 kila upande. Karatasi yake ya kiwandani inasema wati 68. Na usidharau neno chipu. Kampuni ya 47 Laboratory ya Japani ilitengeneza amplifaya ya Gaincard kwa chipu ya LM3875, na mafundi dunia nzima wakaanza kuiga.

*Fundi shikamoo. Nilibadilisha 22K ya marejesho nikaweka 4.7K ili kelele ziishe. Sasa chipu inachemka bila muziki.*

Marahaba mwanangu. Umeshusha ukuzaji hadi mara 8. Chipu hii inataka angalau mara 16, chini ya hapo inatetemeka yenyewe kwa masafa ya juu. Rudisha 22K, badilisha 680 kuwa 1K.

*Mkuu, simu ikiita karibu na amplifaya inalia tititi tititi.*

Waya wa ingizo unafanya kazi ya antena. Weka rezista ya 1K kabla ya mguu wa 1, na kapasita ya 220 piko kutoka mguu wa 1 kwenda grandi, karibu kabisa na chipu.

*Nakaa Mabatini juu ya mawe. Nikigusa kasha nikiwa peku nahisi umeme unanichoma kidogo.*

Dada, zima leo na usiiguse tena ikiwa imechomekwa. Kasha la chuma lazima liungwe na waya wa ardhi wa 230, na nyumba nyingi za kwetu milimani nguzo ya ardhi haikushuka, imekutana na jiwe. Mwite fundi umeme apime ardhi ya nyumba. Wakati huo transfoma ipimwe: mita iwekwe kati ya waya za 230 na bati la transfoma, isionyeshe njia yoyote. Ardhi ikikosekana kabisa, hamishia kazi kwenye kasha la mbao, voliumu iwe na kitufe cha plastiki, na skrubu yoyote isiguse kitu cha ndani.

*Yangu ilipiga vizuri mwaka mzima, sasa ukizungusha voliumu inakwaruza, na upande mmoja unakatika. Niko Kirumba karibu na maji.*

Ni unyevu. Kwanza pima kama kuna volti za moja kwa moja kwenye voliumu. Zikiwepo, kapasita ya ingizo inavuja, au chanzo chako cha sauti. Kama hakuna, badilisha voliumu. Kisha geuza bodi, sugua mabaki ya nta ya kulehemu kwa spiriti na mswaki mpaka matundu yaonekane, iache juani saa moja, upake vanishi nyepesi upande wa risasi. Matundu ya hewa ya kasha yafunike kwa wavu wa chandarua, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wasiingie. Upande unaokatika, lehemu upya miguu ya chipu kwanza. Mguu wa 4 ndio huwa unapasuka.